Ramani na Dhima Yake

Msomaji wangu, ramani ni usemi. Mwenye kuichora asema na watu ambao pengine hatawaona kamwe: fundi atakayechimba msingi, mwashi atakayepanga mawe, seremala atakayepandisha paa, na mtoto atakayelala chini ya paa hilo usiku wa mvua. Asema nao bila sauti, kwa mistari na tarakimu. Nao humtii bila kubishana, kwa kuwa mstari uliochorwa vizuri una haiba ya ukweli hata unapokuwa si kweli. Mtu akikosea katika mazungumzo aweza kurudi na kusema, "Nilikusudia hivi". Lakini mstari uliokwisha kugeuka ukuta haurudi karatasini. Kwa sababu hiyo, kila ramani itokayo mkononi mwa mtu hutoka pamoja na sehemu ya jina lake, na sehemu hiyo ndiyo ambayo sheria huiita dhima.

Insha hii yahusu swali moja: mtu afanyeje ili dhima yake ikae mahali pake, isizidi wala isipungue, anapompa mshauri wa nje ramani zilizochorwa kwa kompyuta? Huenda ukadhani kwamba swali hili ni la wasanifu majengo na mawakili, wala si la mwanafunzi wa shule ya sekondari. Usiharakishe kugeuza ukurasa. Baadhi yenu mtakuwa wasanifu, wahandisi na wapima ardhi. Wengine mtakuwa makarani katika ofisi za kaunti. Na walio wengi mtakuwa siku moja wajumbe wa kamati ya shule, ya msikiti, ya kanisa au ya kisima. Ramani italetwa mbele yenu katika simu ya mkononi, nanyi mtaulizwa, "Tumpelekee nani, na kwa maneno gani?" Jibu la swali hilo dogo limewahi kujenga, na limewahi kubomoa.

Zamani, wala si zamani sana, ramani ilichorwa kwa wino juu ya karatasi nyembamba ipenyayo mwanga. Nakala zilitolewa chache, zikatiwa sahihi, zikapigwa muhuri, zikakunjwa na kukabidhiwa mkono kwa mkono. Aliyetaka kubadili mstari alilazimika kuukwangua wino kwa wembe, na kovu la wembe lilibaki pale likimshuhudia. Karatasi ilikuwa na uzito, ilikuwa na umri, na ilikuwa na mahali pake. Ramani ya kompyuta haina moja katika hayo, na mwenye kuitumia hana budi kuzijua tabia zake nne.

Tabia ya kwanza ni kwamba hubadilika bila kovu. Mtu aweza kuusogeza ukuta kwa kidole chake, akaihifadhi faili, na jina la mchoraji wa kwanza likaendelea kukaa pembeni mwa ramani kana kwamba yeye ndiye aliyeusogeza. Tabia ya pili ni kwamba huzaa nakala bila kuchoka, na watoto wake hufanana. Toleo la tatu na toleo la saba hutazamana kama mapacha, na fundi aliyepewa la tatu hujenga kile ambacho wenzake walikwisha kukifuta.

Tabia ya tatu ni kwamba huficha. Ramani ya kompyuta hupangwa kwa matabaka: kuta katika tabaka moja, umeme katika jingine, maji katika la tatu, milango ya dharura katika la nne, na kila tabaka laweza kuzimwa kama taa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 wataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati, na madirisha yasiwe na vyuma. Basi fikiri juu ya mshauri aliyepokea faili ambayo tabaka la milango ya dharura limezimwa, naye akapanga vitanda mahali ambapo mlango ulipaswa kuwa. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyefuta kitu. Lakini mlango umepotea. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 moto wa bweni uliwaua wanafunzi 21 katika kaunti ya Nyeri, na nchi nzima ikalia. Siseme kwamba ramani ndiyo iliyowasha moto ule. Nasema tu kwamba katika bweni mlango si pambo, na mstari unaouonyesha si mchezo.

Tabia ya nne ndiyo yenye hila kuliko zote: ramani ya kompyuta huongopa kwa usahihi wake. Mchoraji aweza kukisia urefu wa kiwanja kwa hatua za miguu, akaandika kisio lake. Lakini kompyuta ikiulizwa, hujibu kwa milimita, mathalani 12,437, wala haisemi kwamba namba hiyo ilizaliwa na kisio. Na ramani hiyo hiyo ikipigwa picha kwa simu, ikachapwa kwenye karatasi ya ukubwa mwingine, vipimo vyake husinyaa au hufutuka. Ndiyo maana wachoraji wenye adabu huandika pembeni kwamba ramani isipimwe kwa rula, bali zisomwe namba zilizoandikwa.

Sasa yatupasa kuuliza: kama faili ina hatari nyingi hivi, kwa nini isifungiwe sandukuni? Jibu ni kwamba hakuna jengo la maana linalochorwa na mtu mmoja. Msanifu hupanga vyumba. Mhandisi hupiga hesabu za msingi, nguzo na boriti. Mwingine hupanga umeme, mwingine maji. Na mkadiriaji huhesabu gharama. Kila mmoja akianza kuchora upya, kazi itachukua mwaka, na makosa ya kunakili yatakuwa mengi kuliko makosa ya kubuni. Hapana budi faili isafiri.

Katika mji wa Isiolo safari hiyo yaeleweka upesi. Mji wetu uko kwenye barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Moyale, karibu kilomita 280 kutoka Nairobi. Kwa miaka mingi lami ilikomea hapa, na leo yafika mpakani mwa Ethiopia. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, majengo yameongezeka. Lakini wataalamu wengi bado wakaa mbali. Anayechora huenda akawa Nairobi, anayepiga hesabu akawa Meru au Nanyuki, na kiwanja kikawa hapa kwetu, kandokando ya mkondo mkavu tunaouita laga, ambao kwa miezi mingi hupitiwa na mbuzi na kwa saa chache za mvua hupitiwa na mto. Wataalamu hawa pengine hukutana katika faili kabla hawajakutana uso kwa uso.

Miaka kadhaa iliyopita shule niliyokuwa nikifundisha iliazimia kujenga bweni, nami nikawekwa kuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Msanifu alikuwa Nairobi. Ramani zake zilipokwisha, alihitajika mhandisi wa kupanga msingi na vyuma, akapatikana mmoja huko Meru. Mhandisi aliomba faili yenyewe ya kazi, si nakala ya kutazama tu. Msanifu hakukataa, wala hakuipeleka; alituletea kwanza hati ya kurasa mbili, akataka itiwe sahihi na mhandisi, na kamati iishuhudie.

Kamati ilichukizwa. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara wa mifugo, alisema, "Tumekwisha kumnunua ng'ombe, mbona twaombwa ruhusa ya kukamua?" Wengine walicheka, na kicheko chao kilikuwa na uchungu ndani yake, maana waliiona hati ile kuwa dalili ya kutoaminiwa. Palikuwa na mzee mmoja wa Kiborana ambaye aghalabu hakusema mpaka wengine wachoke. Akasema, "Mwalimu, tusomee kwanza. Mimi nikimwazima ndugu yangu ng'ombe wa maziwa, nasema mbele ya watu: maziwa ni yako, ndama ni wangu, na akifa niletee habari. Si kwamba simwamini ndugu yangu. Ni kwamba nataka tubaki ndugu." Basi nikaisoma ile hati, nikaifasiri neno kwa neno, na nitakueleza yaliyokuwamo, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo letu.

Sharti la kwanza lilisema kwamba faili yatolewa ili kurahisisha kazi, na kwamba nakala iliyotiwa sahihi na muhuri ndiyo yenye neno la mwisho. Zikitofautiana, ifuatwe ya muhuri. La pili lilitaja kazi ambayo faili yaweza kutumiwa: bweni hili, katika kiwanja hiki, wala si jengo jingine mahali pengine. La tatu lilitaja toleo, tarehe na hali ya ramani: kwamba ni ya kupangia kazi, haijawa ya kujengea. La nne liliorodhesha mambo ambayo msanifu hakuyahakikisha mwenyewe. Na katika orodha hiyo palikuwa na sentensi moja fupi, kwamba miinuko ya ardhi ilichukuliwa katika upimaji wa zamani na haikupimwa upya. La tano lilisema kwamba mpokeaji akibadili chochote aliondoe jina na muhuri wa msanifu kwenye ramani aliyoibadili, na dhima ya badiliko iwe yake. La sita lilimkataza kumpa mtu mwingine faili bila idhini.

Mhandisi alitia sahihi. Lakini sikiliza alilolifanya kabla ya kupiga hesabu hata moja. Ile sentensi fupi ya sharti la nne ilimleta Isiolo. Alikuja na vyombo vyake na vijana wawili, akapima kiwanja, akachimba mashimo matatu. Akakuta kwamba upande wa mashariki ardhi yashuka kwa zaidi ya nusu mita kuliko ilivyoonyeshwa katika ramani, na kwamba chini ya mchanga wa juu upande huo kuna udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Msingi uliokuwa ukitosha upande mmoja usingetosha upande wa pili. Aliuzidisha kina, akabadili mpango wa vyuma, na gharama ikapanda. Kamati ikanung'unika, kisha ikalipa. Bweni limesimama.

Nataka uione vema maana ya jambo hili, maana ndiyo ninayokuandikia. Watu wengi hudhani kwamba hati ya namna hii ni ngao ya mwenye ramani, kwamba kazi yake ni kusema, "Nisilaumiwe." Hati nyingine ni hivyo kweli. Huandikwa kwa maneno mapana yasiyo na sura: kwamba mtoaji hawajibiki kwa kosa lolote, la namna yoyote, kwa mtu yeyote. Onyo la namna hiyo halimfundishi mpokeaji kitu. Likimwambia aogope kila mstari, ataishia kutouogopa hata mmoja. Lakini onyo linalosema, "Kuta nimezihakikisha, miinuko sikuihakikisha," limekwisha kugeuka taarifa. Lamwonyesha mpokeaji mahali pa kutia jembe. Onyo la uvivu huhamisha lawama kutoka bega moja hadi jingine, na onyo la kweli huonyesha pale mtu asipopajua bado. La kwanza husubiri ukuta upasuke ndipo lifanye kazi. La pili hufanya kazi ukuta ungali karatasini.

Sheria nayo, ukiichunguza, haiko mbali na maoni haya. Kenya hutumia kanuni za sheria ya mazoea iliyorithiwa kutoka Uingereza, kwa kadiri Katiba na sheria zake zenyewe zinavyoruhusu. Kwa hiyo hukumu mbili za kale za Uingereza zafaa kujulikana. Ya kwanza ni ya mwaka 1932, kesi ya Donoghue na Stevenson. Mwanamke alikunywa kinywaji cha tangawizi alichonunuliwa na rafiki yake, akasema kwamba konokono aliyeoza alitoka katika chupa. Yeye hakuwa na mkataba wowote na mtengenezaji. Hata hivyo Malodi wa Uingereza waliamua kwamba mtengenezaji aweza kuwa na wajibu wa uangalifu kwa mtu ambaye yapasa kumfikiria kwamba atadhurika. Ya pili ni ya mwaka 1963, kesi ya Hedley Byrne na Heller. Kampuni ya matangazo iliuliza benki juu ya uwezo wa mteja. Benki ikatoa habari njema, ila ikaandika kwamba yazitoa bila dhima. Habari zile hazikuwa za kutegemewa, na kampuni ikapoteza fedha. Malodi walisema kwamba mwenye ujuzi anayetoa habari akijua kwamba zitategemewa aweza kuwajibika kwa uzembe hata pasipo mkataba; lakini katika kesi ile benki iliokolewa na maneno yake ya kujitoa katika dhima.

Ziweke hukumu hizi mbili pamoja, na utaona mpaka ulipo. Maneno yaliyoandikwa wazi kabla ya kutoa ramani yana nguvu baina ya aliyetoa na aliyepokea, maana wote wawili ni wajuzi, na mpokeaji aliyasoma akakubali. Lakini mwanafunzi anayelala katika bweni hakutia sahihi popote. Hakuna karatasi baina ya msanifu na mhandisi inayoweza kumnyang'anya haki yake. Kwa hiyo wataalamu wawili waweza kugawana mzigo wa dhima kati yao, lakini hawawezi kuutupa laga.

Ziko sheria nyingine za Kenya zinazogusa jambo hili, nami nitazipitia kwa ufupi. Wasanifu majengo huongozwa na Sura ya 525 ya sheria za nchi, na wahandisi na Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Sheria hizi hutaka mtu awe amesajiliwa kabla hajajiita kwa jina la kazi hiyo, na ndizo zinazoupa muhuri uzito. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huhesabu michoro kuwa kazi ya sanaa yenye kulindwa, na yasema kwamba haki ya kazi iliyoagizwa yahesabiwa kuhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimepatana vinginevyo. Basi yule mfanyabiashara wa mifugo hakuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa na mguu wa kusimamia, na jibu lake lilikuwa katika mkataba wetu, ambao uliacha haki hiyo kwa msanifu. Funzo hapa ni kwamba mambo ya umiliki yasiachwe kudhaniwa.

Tena, Sheria ya Muda wa Kushtaki humpa mdai miaka 6 katika mambo ya mkataba na miaka 3 katika mambo ya uzembe na madhara. Na Sheria ya Ushahidi yakubali kumbukumbu za kompyuta mahakamani kwa masharti yake. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii: tunza ulichopeleka. Hifadhi faili ile ile uliyoituma, barua pepe uliyoituma nayo, tarehe, na jibu la aliyepokea. Usihifadhi tu toleo jipya ukafuta lililotangulia. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Na heshima ya fundi ni mali kama mali nyingine.

Ulimwengu wa nje umetupa mafunzo mawili ambayo si vema kuyasahau. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency huko Kansas City, Marekani, njia mbili za juu zilizoning'inizwa darini ziliangukia umati wa watu, zikaua 114 na kujeruhi zaidi ya 200. Katika ramani ya kwanza, fito za chuma zilipita mfululizo kutoka darini hadi njia ya chini. Watengenezaji wa chuma, waliokuwa watu wa nje, walibadili, wakaweka fito mbili mahali pa mmoja. Na kwa badiliko hilo boriti za njia ya juu zikabeba mzigo maradufu mahali pa kiungo. Watengenezaji walisema kwamba waliuliza kwa simu wakakubaliwa. Upande wa mhandisi ukakana. Ramani zilirudi zikiwa na muhuri wa mhandisi, lakini hakuna aliyekipigia hesabu kiungo kile. Kila upande ulidhani kwamba mwenzake amekiangalia. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao. Ona, msomaji: walikuwa na karatasi, walikuwa na muhuri, walikuwa na simu, kilichokosekana ni sentensi moja yenye kusema, "Jambo hili sijalihakikisha, lihakikishe wewe."

Funzo la pili latoka mbali zaidi. Mwezi wa Septemba mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mars. Sababu yake ilipochunguzwa, ilionekana kwamba kampuni ya nje ilitoa namba za msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na waliozipokea wakazisoma kwa vipimo vya metriki. Faili ilifika salama, namba zilikuwa kamili, na kila upande ulikuwa na mabingwa wake. Lakini namba bila kipimo ni kama mtu bila jina la baba: haijulikani ni wa ukoo gani.

Kwa sababu ya mambo kama haya, watu wa kazi hizi wameanza kupanga adabu ya kupeana faili. Chama cha wasanifu majengo cha Marekani kilitoa mwaka 2007 mfano wa mkataba wa kupeana ramani za kompyuta. Na mwaka 2018 shirika la viwango la kimataifa lilitoa kanuni zinazogawa habari za ujenzi katika hali nne: zilizo mikononi mwa mchoraji, zilizoshirikishwa kwa wenzake, zilizotolewa rasmi, na zilizowekwa akibani. Si lazima kamati ya shule ya Isiolo ijue namba za kanuni hizo. Yatosha iulize: ramani hii iko katika hali ipi?

Nami nisingependa umalize insha hii pasipo kitu cha kushika mkononi. Ukiwa mtoaji wa ramani, andika mambo matano kabla hujaituma: ni ya nini, ni toleo lipi na la tarehe gani, vipimo vyake ni vya namna gani, ni mambo gani hukuyahakikisha, na nani mwenye neno la mwisho mambo yakitofautiana. Tuma pamoja nayo nakala isiyobadilika, ili iwe shahidi. Usiahidi kumlipia mwenzako kila hasara itakayompata ulimwenguni. Aghalabu bima hailipi mzigo ambao mtu amejitwika kwa ahadi yake mwenyewe. Wala usijaribu kukwepa uzembe wako mwenyewe kwa maneno makubwa, kwa sababu hakimu huyasoma maneno hayo kwa jicho la ukali.

Ukiwa mpokeaji, kumbuka kwamba kupokea nako ni kazi. Yasome masharti kabla ya kufungua faili. Washa matabaka yote uyatazame. Linganisha faili na nakala ya muhuri. Ukiona jambo usilolielewa, uliza kwa maandishi, na jibu la simu lithibitishe kwa maandishi siku hiyo hiyo. Usione haya, anayeuliza hupoteza siku moja, na asiyeuliza aweza kuwapoteza watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa wa kwanza wa jengo hutokea katika ramani, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Na ukiwa mjumbe wa kamati, usichukizwe na karatasi. Masharti yaliyoandikwa vema si tusi kwa uaminifu; ni nyumba ambamo uaminifu hukaa. Watu wawili wasioandikiana hupendana mpaka siku ya hasara. Siku hiyo kila mmoja hukumbuka mazungumzo kwa namna yake, na urafiki hugeuka kesi. Lakini likitokea kosa baina ya watu walioandikiana, hujulikana mahali pake, hurekebishwa, na watu hubaki wakisalimiana sokoni.

Kijana msomaji, utakapokuwa mkubwa utatoa ramani za namna nyingi: si za majengo tu, bali pia hesabu, ripoti, orodha za dawa, na vipimo vya visima. Vyote vitaondoka mkononi mwako kwa kugusa kidole, na vitafika kwa watu usiowajua. Kila mara ujiulize ni nini unachokijua katika hicho unachokitoa, na ni nini usichokijua. Kisha yaseme yote mawili kwa ukweli mmoja. Mwenye kusema anachokijua hupata sifa, na mwenye kusema pia asichokijua huwalinda watu, naye hulinda jina lake pamoja nao.